Je, Yule Mama Alifika Kwao?

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mwanangu. Nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ya Westlands, na siku hiyo nilikuwa nimeketi jikoni kwa shosho, nyanya yangu, huko Waithaka, daftari mapajani. Humo niliandika kila kitabu nilichomaliza mwezi huo, na ukurasa wa pili, vile nitakavyosoma mwezi unaofuata. Nilikuwa nimemaliza kumi na kimoja. Wee! Nilijiona.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu picha ya vitabu vyako vya mwezi, vimepangwa kama matofali, na chini yake orodha ya mwezi ujao. Nikasema hongera. Nilikuwa na mengine ya kukwambia, lakini ulikuwa unakimbilia kazini.

Basi shosho alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Ndiye aliyenifundisha herufi, na sasa hakuweza kujisomea. Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa nimemsomea nusu ya hadithi ya mama mmoja aliyefukuzwa kwao akaamua kurudi kwa miguu. Lakini shosho kwa maswali! Kila sentensi alinikatiza. Nikaona ananichelewesha, nikakibeba kitabu, nikakimaliza peke yangu ofisini saa ya chakula, nikakitia alama daftarini, nikakirudisha maktaba.

"Hebu niambie," akasema, "yule mama alifika kwao?"

Mwanangu, sikukumbuka. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita! Nikajibu mbio, "Alifika, shosho."

"Nani alimfungulia mlango?"

"Dada yake."

"Dada yake si alikufa mwanzoni? Tulimlilia hapa hapa, wewe na mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye sufuria ya viazi. Shosho akaweka kisu chini.

"Unajua sisi watu wa kanisa tulikuwa tunaitwaje zamani? Wasomaji. Mtu akibatizwa, wanasema amekuwa msomaji. Na kitabu kilikuwa kimoja, wewe msichana. Hakuna aliyetuuliza tumesoma vingapi. Walituangalia tu tunavyoishi."

Akarudia viazi vyake. Afadhali angenigombeza. Niliona aibu, nikafunga daftari.

Jumatatu nikaenda maktaba mjini, nikaambiwa kitabu kimeazimwa. Nikarudi, nikarudi tena, mpaka nikakipata. Orodha ya mwezi uliofuata niliifuta yote nikaandika hicho kimoja, na kila Jumamosi nikamsomea shosho tangu mwanzo, maswali yake na yote. Bandu bandu huisha gogo. Yule mama alifika, lakini nyumba alikuta ina wenyewe wengine. Akaomba maji kama mgeni, akanywa, akaenda zake.

"Afadhali nimejua," akasema shosho, akajipangusa uso kwa leso.

Mwaka uliofuata hakuona tena kabisa. Siku moja nilimkuta akiwasimulia wenzake wa kanisani hadithi ile, haachi kitu, hata maswali yake mwenyewe ameyatia ndani. Mmoja akamwuliza ameyatoa wapi hayo yote. "Nimesoma," akajibu. Hakuwa ameona hata herufi moja ya kile kitabu, na alisema kweli. Mimi niliyetia alama ndiye niliyekuwa sijasoma.

Sikukatazi orodha, mwanangu. Mimi mwenyewe daftari ninalo hadi leo hapa kwangu Uthiru. Ila mwezi ukiisha, kabla hujapanga mwingine, tafuta mtu umsimulie kimoja ulichosoma, na umwache aulize. Ukishindwa kumjibu, kifute, ukiandike tena mwezi ujao. Usione haya orodha ikiwa fupi.

Macho yangu nayo yameanza kuingia ukungu, sikutaka kukwambia kwenye simu. Jumapili ukija, beba kitabu kimoja tu. Mungu akulindie yako, na siku yatakapochoka, akupe mtu wa kukusomea asiye na haraka.