Nilivyojifunza Kuuza Mkeka

Nilipoolewa Siyu, kisiwani Pate, nilijua kusuka, lakini kuuza sikujua. Kusuka nilifundishwa na mama yangu tangu vidole vingali laini: kuchana ukindu, kuuchemsha na rangi, kusuka ukili mrefu, kisha kushona kili ubavu kwa ubavu mpaka ziwe mkeka. Kuuza hakuna aliyenifundisha. Kwetu hakukuhesabiwa kuwa kazi. Mchuuzi alikuja, akataja bei, nasi tukatoa mkeka.

Mchuuzi wetu alikuwa mtu wa bara anayeuza Lamu, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole kama mtu anayemsomea mgonjwa. Alizunguka Siyu na Chundwa, akavuka mpaka Ndau, akinunua mikeka na misala ya kusalia. Akifika kwetu aliketi barazani. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na mavyaa wangu, mamake mume wangu, pembeni yangu, kwani mume wangu mchana alikuwa kwenye shamba lake la tumbaku. Mavyaa ndiye aliyetoa mkeka nje. Nilisikia ukikunjuliwa, halafu nikasikia mchuuzi akivuta pumzi ndefu.

“Bibie,” alisema, “mkono wako si mbaya. Lakini hapa ukingoni umekwenda upande. Na hii zambarau, watu wa mjini siku hizi hawaitaki.”

Mimi moyo ulinishuka. Kabla hajataja bei, nilimwambia, “Basi nipe chochote, Bwana.”

Naye alinipa chochote. Mavyaa alisema alhamdulillahi, mimi nikasema alhamdulillahi, na usiku ule nilikaa nikitazama kingo za mkeka mwingine niliokuwa nikiusuka, nikitafuta mahali ulipokwenda upande.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka mwaka mama yangu mdogo, aliyekuwa ameolewa Lamu, alipokuwa akimwoza binti yake. Aliniita nikamsaidie. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye daka mbele ambapo wanaume na wachuuzi waliketi, na wanawake ndani ya kiwanda, ua wa katikati ya nyumba, walisikia kila neno la nje bila kuonekana. Siku ya pili tangu nifike, tulikuwa tukichambua mchele wa harusi, nikasikia sauti ile ya upole mlangoni.

“Bi, nimekuletea mkeka wa Siyu.”

Mkono wangu ulisimama juu ya ungo. Mtumishi aliuingiza mkeka ndani, akaukunjua mbele yetu. Ulikuwa wangu. Ile zambarau isiyotakiwa na watu wa mjini ilikuwa pale pale, inang'aa.

“Tazama kili zilivyobanana,” alisema mchuuzi kule nje. “Ukimwaga maji juu yake hayapiti. Aliyeusuka, Bi, kisiwa kizima cha Pate hana wa kushindana naye. Na rangi hii ya zambarau ndiyo maharusi wote wanaiulizia.”

Nilijikuta nimeshika mdomo kwa mkono. Kwanza nilitaka kutoka nimwendee vile vile na unga wa mchele mikononi. Halafu, sijui ilitoka wapi, furaha ilinijaa. Kumbe mkeka wangu ulikuwa mzuri! Mtu aliyesafiri nao kwa mashua alikuwa akiusifu kwa kinywa chake, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesema uongo.

Mama mdogo hakujua lolote. Aliutazama mkeka, akaupitishia kiganja, akanikonyeza kuwa ameupenda. Lakini kwa mchuuzi hakusema umependeza, wala hakuutia kasoro. Alimwuliza habari za nyumbani kwake. Alimpelekea kahawa na kipande cha halua. Alimwuliza amefikia wapi, na anaondoka lini.

“Kesho asubuhi maji yakijaa, inshallah,” alijibu mchuuzi.

“Na mizigo yote hii utarudi nayo?”

Mchuuzi alicheka kidogo. “Nikipata wa kunipunguzia, Bi, nitashukuru.”

Ndipo mama mdogo akataja bei yake. Mchuuzi alilalamika, akataja yake. Mama mdogo akaendelea kuchambua mchele, akitoa kokoto moja moja kama hakuna mtu mlangoni. Baada ya muda mchuuzi aliteremka kidogo, mama mdogo akapanda kidogo, wakaombeana baraka, na mkeka ukabaki.

Mchuuzi alipokwisha kuondoka nilimwambia mama mdogo, “Mkeka huu ni kazi yangu.”

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. “Mwanangu, nimenunua mkeka wa mwanangu mwenyewe! Na yeye alikupa kiasi gani?”

Nilimwambia. Akaacha kucheka.

Nilidhani angemtukana yule mtu, lakini hakumtukana. Alisema, “Si mwizi yule. Ana nauli, ana mvua, ana ndia ya kwenda na kurudi, na ana watoto. Yeye anafanya kazi yake. Wewe ndiye hufanyi yako. Umewahi kumwuliza nini?”

“Kumwuliza?”

“Anauza wapi. Nani anamnunulia. Wanataka nini. Usipomwuliza mtu, atakwambia anachopenda yeye tu.”

Nilirudi Siyu baada ya harusi na maneno yale kichwani, lakini nilikuwa nimechukua nusu tu. Nusu niliyoichukua ilikuwa ile ya bei. Mchuuzi alipokuja tena, nikamsikia akivuta pumzi yake ndefu, sikumngoja amalize. Nilimtajia bei aliyoilipa mama mdogo, vile vile, bila kupunguza.

Mchuuzi akacheka, tena si kwa ubaya. “Bibie, hiyo ni bei ya mlangoni Lamu. Mimi niko mlangoni Siyu. Unataka nivuke bahari kwa sadaka?” Akaufunga mkeka vizuri, akamkabidhi mavyaa, akatoa salamu, akashika ndia ya Chundwa.

Nilijifanya sijali. Niliendelea kusuka, na mikeka ikaendelea kurundikana. Mavyaa hakunilaumu hata neno moja. Alikuwa akiifuta vumbi na kuitundika ukutani, jambo lililoniumiza kuliko lawama. Mume wangu ndiye aliyenichekesha. Alirudi shambani jioni moja, akatazama huku na huku, akasema, “Nyumba yetu sasa ina mikeka kuliko msikiti. Bado imamu tu.”

Katika kipindi kile cha kungoja ndipo ile nusu ya pili ya maneno ya mama mdogo iliponiingia. Nilikuwa nimesema bei bila kumwuliza yule mtu kitu hata kimoja. Hata jina la mtoto wake sikulijua, na alikuwa ameketi kwenye baraza yetu miaka yote ile.

Mchuuzi alirudi karibu na mwezi wa maulidi. Nilimwambia mavyaa tumpikie uji wa mtama na tumpelekee kwanza, kabla ya mikeka. Alipokwisha kunywa nilimwuliza kupitia mlango, “Bwana, huko mjini wanunuzi wako hukulalamikia nini?”

Akashangaa. Nilimsikia akikohoa. “Yeo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa hilo, Bibie.”

“Basi nijibu.”

“Hunilalamikia juu ya jozi. Kila mwenye harusi anataka mikeka miwili inayofanana, mmoja upande huu wa kitanda na mmoja upande wa pili. Mimi siipati. Kila nyumba ina rangi yake. Nikinunua mwekundu hapa na mwekundu Chundwa, nikiiweka pamoja, mmoja ni damu na mwingine ni tofali.”

“Na ukipata jozi?”

“Nikipata jozi sihitaji kuzunguka nayo. Naipeleka kwenye mlango ninaoujua.”

Rangi zilitofautiana kwa sababu kila mmoja wetu alinunua unga wa rangi kidogo kidogo, kila mara kutoka duka jingine. Lakini nikipata unga wa sufuria moja, mimi nikasuka huku na mavyaa akasuka kule, jozi ingetoka.

“Mimi nitakupa jozi,” nilimwambia. “Lakini rangi utaileta wewe kutoka Lamu, yote kwa mara moja, na bei ya rangi usinikate.”

“Bibie, rangi ni ghali.”

“Na kuzunguka na mkeka mmoja mmoja je?”

Mchuuzi akataja bei ya jozi. Ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kunitajia, na zamani ningeruka juu. Safari hii nilifunga mdomo. Nilikuwa na ukindu mkononi, nikauchana. Nje, mchuuzi alihama kutoka upande mmoja wa baraza hadi mwingine.

Aliyekaribia kuharibu ni mavyaa. Moyo wake ulikuwa laini kama tende. Alininong'oneza kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, “Mkubalie, mwanangu. Masikini, ana ndia ndefu.”

Nilimshika goti kwa heshima, nikamtazama na kumwomba kwa mato anyamaze. Alijifunika mdomo kwa upande wa leso, mabega yakimcheza kwa kicheko. Mchuuzi naye alikwisha sikia.

“Angalau kuna mmoja ndani anayenihurumia,” alisema. Akaongeza bei. Nami nikashuka kidogo kutoka niliyokuwa nayo moyoni, ambayo sikuwa nimeitaja. Tukakubaliana, na akanunua pia mikeka yote ya ukutani, nusu yake ikiwa ya zambarau.

Wakati anafunga mzigo alisema, “Bibie, nani amekufundisha?”

“Wewe, Bwana.” Nikamwambia siku ile ya Lamu nilikuwa ndani ya kiwanda, nikichambua mchele.

Nilihofu nimemwaibisha. Kisha nilimsikia akipiga paja lake, akicheka kicheko cha tumboni. “Astaghfirullah! Na nilisema maneno mengi siku ile.”

“Ulisema sina wa kushindana naye.”

“Basi hilo nililisema kweli.”

Alituletea rangi kama alivyoahidi, na mimi na mavyaa tulisuka jozi ya kwanza tukiwa tumeketi tumekabiliana, kila mmoja akipima ukili wake kwa wa mwenzake. Tuliuziana naye miaka mingi. Sikusema alhamdulillahi ya unyonge tena. Nilisema ya furaha. Ukingo wangu haukwenda upande tena, au labda haukuwahi kwenda. Mara nyingine yeye alipata zaidi, mara nyingine mimi, na hakuna aliyeondoka na kinyongo. Binti yake alipoolewa nilimpelekea jozi ya zawadi, na huo ndio mzigo wangu pekee ambao hakuutia kasoro wala hakuusifu. Aliipokea tu kwa mikono miwili.

Majirani wakasikia. Wakaanza kuniita niketi nao nyuma ya milango yao mchuuzi anapopita, na nilikwenda. Mmoja nilimsaidia akauza makawa yake ya kufunikia chakula vizuri, mwingine nilimwambia ashikilie bei na mchuuzi akaenda zake, tukabaki tunatazamana. Nilimpikia mahamri kumpoza.

Ila samaki wananishinda mpaka leo. Muuzaji akiinua tasi mbichi, mafuta yanamtoka, uso wangu unasema bei kabla sijafungua mdomo. Mume wangu huniambia nikae ndani, atanunua yeye. Naye hununua kwa bei ile ile.