Fataki Iliyotufuturisha Mapema

Siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, watu mia moja na kumi na tatu walifuturu dakika tisa kabla ya wakati.

Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.

Hapa Tonk, mji wetu wa India, msikiti hulipua fataki moja kubwa magharibi ikiingia. Bweni letu halingoji zaidi ya hapo. Ukisikika mlio, mikono inavamia tende.

Basi mimi, Shadab, mtumishi mnyenyekevu wa wenye njaa, nikapanda paani na fataki yangu.

Puu.

Huko chini kukawa kimya, kile kimya kitamu cha vinywa vilivyojaa. Nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha fataki ya kweli ikalia.

Niliposhuka, hakuna aliyekuwa akitafuna. Maalimu Intizar, mkuu wa bweni, alikuwa ameikodolea macho saa yake. Akatangaza kwamba saumu ya leo imeharibika, na kila mmoja atailipa baada ya Idi. Lawama za fataki ya kwanza wenzangu wakawatwisha watoto wa mtaani.

Bi Bashiran, mpishi wetu wa miaka sabini, alikaa juu ya gunia la viazi na glasi ya sharubati mkononi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba miaka ishirini hajapoteza hata saumu moja.

Hapo kicheko kikanikauka.

Rafiki yangu Arsalan akaropoka, "Maalimu, Shadab hakuwepo mezani. Yeye hajala."

Maalimu akanitazama kama aliyeona walii. Kati ya watu wote hawa, akasema, kijana mmoja tu ndiye aliyesubiri. Akanikalisha mbele, akaniamuru niwaombee dua wote.

Walii mwenyewe alikuwa amekula biskuti sita saa saba mchana, stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Kama kila siku tangu mwezi uandame.

Bi Bashiran akasogea. "Mwanangu, niombee na mimi. Yangu imekwenda."

Nikainua mikono.

Ningeweza kusema maneno mawili, nikaitikiwa amina, nikabaki walii mpaka Idi. Lakini yule bibi alikuwa ameshafumba macho, anangoja.

"Fataki ni yangu," nikasema. "Na saumu sina. Mwezi huu sijafunga hata siku moja."

Arsalan akaninong'oneza, "Umekwisha, kaka."

Maalimu akavua miwani. Kabla hajafungua kinywa, Bi Bashiran akaanza kucheka.

"Najua," akasema. "Ulidhani biskuti zinaota stoo? Siku ya kwanza nilikuona unalamba unga mbichi. Nikasema huyu atanifia kwa tumbo. Nikawa nakuwekea, nangoja siku utakayoziacha mwenyewe."

Nilihukumiwa kuosha masufuria mpaka Idi.

Siku ya ishirini nilifunga. Saa tisa alasiri nadhani niliona malaika. Lakini magharibi ile, maji ya bomba yalikuwa matamu kuliko sharubati yoyote, na nilikaa nimeishika glasi tupu kama mjinga, nikishukuru.

Baada ya Idi wenzangu walilipa siku yao moja. Mimi nilidaiwa kumi na tisa.

Bi Bashiran alidaiwa moja. Akafunga zote kumi na tisa pamoja nami.

Nilipomuuliza kwa nini, alisema anayefunga peke yake hukosa wa kugawana naye tende.

Funzo, ndugu zangu: unaweza kumficha maalimu, ukamficha na rafiki. Mpishi usijisumbue. Na Mungu yuko karibu zaidi ya mpishi.