Ulimi wa Mke wa Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa na maringo ya aina moja tu, nayo yalikuwa ya bia. Mlevi hakuwa, glasi mbili zilimtosha, ya tatu akamwachia aliyeketi jirani. Ila mji wao ulikuwa na viwanda vinne vidogo vya bia, vile ambavyo mtu mmoja au wawili hupika wenyewe kwenye matangi yasiyozidi kimo cha mlango, na yeye alivijua vyote nje ndani. Kila Jumamosi mchana, akishafunga karakana na kujikung'uta vumbi la sponji, alipitia kimoja. Aliinua glasi kwenye mwanga, akanusa, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. Hii uchungu umezidi. Ile kimea kimekaangwa mno. Wanywaji wenzake wakampachika jina la Mtaalamu, na jina likamkaa vizuri kuliko shati.

Mkewe alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, mtaa wa pili. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuonja bia. Hakukatazwa na mtu. Ni vile tu hakuna aliyemwambia aonje. Jumamosi moja umeme ukakatika huko kwa dobi, akarudi nyumbani mapema na kumkuta mumewe anavaa viatu.

"Twende wote," mume akasema. Baadaye alijilaumu sana kwa maneno hayo mawili.

"Nikafanye nini mimi huko?"

"Ukae tu. Umwone mumeo anavyoheshimiwa."

Wakaenda kwenye kiwanda kilichokuwa zamani duka la mikate. Mpika bia, pande la mtu lenye mabuti ya mpira na sauti ya upole, aliwapokea kwa mikono miwili. "Mtaalamu! Leo umetuletea na shemeji!" Akapangusa meza, akaleta glasi mbili za bia mpya ya rangi ya asali, ambayo Jumatatu ilikuwa ianze kupelekwa kwenye mabaa.

Mtaalamu akafanya mambo yake: mwanga, pua, macho. "Safi," akasema. "Hapa umeua."

Mkewe akasogeza pua kwenye glasi, akarudisha kichwa nyuma.

"Vipi shemeji, kali?" mpika bia akamuuliza.

"Si kali. Inanuka boksi. Boksi la karatasi lililolowa, likaachwa pembeni."

Mume akacheka kwa aibu. "Msamehe, hajazoea."

Mpika bia hakucheka. Akaichukua glasi, akanusa mara tatu, akaenda zake nyuma. Wakasikia vyuma vikigongana. Aliporudi alikuwa ameshika ule mpira mweusi unaoziba mfuniko wa tangi, nao ulikuwa umechanika upande mmoja. Hewa ilikuwa inaingia ndani taratibu. Siku chache tu zaidi, na tangi zima lingekuwa la kumwaga.

"Shemeji, umejuaje?"

"Kazi yangu ni nguo, kaka. Shati lililokunjwa bichi nalijua kabla sijalishika."

Basi mpika bia akamletea glasi nyingine tano, moja moja. Hii ina harufu ya siagi, mke akasema. Hii, kwa mbali, siki. Hii haina neno, imetulia. Na kila aliposema, mpika bia aliitikia kwa kichwa na kuandika. Mtaalamu alikaa pale na glasi yake isiyoisha, uso umemshuka. Ile ya siagi, yeye mwenyewe aliisifu mbele za watu wiki iliyopita.

Njiani mkewe aliongea kama mtoto aliyetoka matembezini. Yeye alijibu "mm" mpaka mlangoni.

Haikupita wiki mbili, mpika bia akaleta ombi: Jumanne na Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kwa dobi, shemeji apite kuonja kila tangi. Mke akamtazama mumewe. Mume akasema, "Ni wewe tu," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mwanzoni mume alijidanganya kwamba anamwonea wivu yule mpika bia. Wivu wa namna hiyo unaeleweka, hata mbele ya watu hauna aibu. Kwa hiyo Jumanne moja aliacha kochi la mteja limefumuliwa matumbo, akanyata hadi dirisha la kiwanda na kuchungulia.

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya meza, kitambaa kichwani, glasi sita zimejipanga mbele yake na ndoo ya kutemea miguuni. Mpika bia alikuwa ameketi mbali na kalamu yake, kimya, kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Ubaya aliouogopa haukuwepo. Aliona kitu kilichomchoma zaidi. Mkewe aliinua glasi kwenye mwanga, akanusa, akafumba macho. Ilikuwa ile ile namna yake yeye, tena huenda alijifunza kwake. Tofauti ni kwamba mkewe alipofumba macho, kweli kulikuwa na kitu anakitafuta, na alikipata.

Mpika bia akamwona dirishani. "Karibu shemeji!" akaita. "Fundi yuko kazini, msubiri kidogo."

Shemeji. Sasa shemeji ni yeye, na fundi ni mkewe. Akasema alikuwa anapita tu, akaondoka.

Tangu siku hiyo raha ikamtoka. Jumamosi akitoa hukumu, kuna mmoja lazima aulize, "Na mama nyumbani anasemaje?" Wengine walianza kunyamaza anapoingia, halafu kucheka anapoketi, au ndivyo alivyoona yeye. Nyumbani alitafuta makosa: chai baridi, mlango haukufungwa vizuri. Mkewe alirekebisha na kuendelea na shughuli zake, na hilo nalo likamuudhi.

Ijumaa moja ilikuwa siku kubwa kiwandani. Kulikuwa na matangi mawili ya bia nyeusi ya kupimwa, na gari la kuibeba lilikuwa linakuja saa nne. Asubuhi hiyo Mtaalamu aliamka wa kwanza. Akakaanga mayai, akachanganya humo unga wa pilipili kijiko kizima, akayafunika kwa vitunguu na nyanya, akamwandalia mkewe mezani.

"Leo umenipikia?" mke akasema, akafurahi kwelikweli. Akala kwa haraka. Kufikia tonge la nne machozi yalikuwa yanamtiririka, na mumewe akawa ameshatoka kwenda karakana.

Mke alifika kiwandani, akasukutua kwa maji, akajaribu mkate, akajaribu maziwa. Mwishowe akamwambia mpika bia ukweli: ulimi umekufa, leo hawezi kusema lolote, na kubahatisha hatabahatisha. Gari likarudi tupu. Mpika bia hakumlaumu. Akasema kesho siyo mbali.

Mchana mke aliingia karakana, akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya sponji tupu.

"Baba watoto, miaka kumi na tisa hujawahi kunikaangia yai."

Mume akaendelea kugonga msumari.

"Unaona wivu?"

"Yule jamaa anakuita fundi, anakuchekea..."

"Acha hayo. Yule bwana ungekuwa unamwonea wivu, ungekwenda kumkunja shati. Pilipili umenilisha mimi."

Nyundo ikatulia. Maneno yake yalitoka madogo. "Kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Huku mimi ni fundi makochi tu. Kule nilikuwa mtu."

Mke akamjibu, "Sikukunyang'anya. Ulinichukua mwenyewe nikaone. Nami nimeona, nimependa, na siachi." Akasimama, akajipangusa sketi. "Ila usirudie kugusa chakula changu."

Hakurudia. Alimwomba msamaha jioni ile, na mke akakubali kwa kichwa tu. Mazungumzo ya kawaida yalirudi baada ya siku kadhaa. Kwa miezi miwili Mtaalamu hakukanyaga kiwanda chochote. Jumamosi alishinda karakana akivalisha viti ambavyo hakuna aliyevihitaji haraka.

Kisha kikafunguliwa kiwanda cha tano, karibu na stesheni, na mkewe akaalikwa. "Nisindikize," akamwambia. "Sitaki kuingia mwenyewe." Mume akavaa viatu, akaenda.

Wenyeji walikuwa ndugu wawili, kaka na dada, wenye wasiwasi kama maharusi. Wakamimina. Wakamwuliza mkewe anaonaje, naye akasema, "Aanze mume wangu." Mume alijua anapewa nafasi hiyo kwa huruma. Akaichukua hata hivyo. Akaongea kwa kirefu juu ya kimea, uchungu na povu lisilokata, nao wakamsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, wote wawili wakamgeukia mkewe.

Ilimuuma, tena pale pale pa siku zote. Akainua glasi akanywa iliyobaki. Bia ilikuwa nzuri.

Walirudi kwa miguu, wameshikana mikono kukwepa madimbwi.

"Nilikosea?" mume akauliza.

"Kwenye povu ulisema kweli."

"Na kwingine?"

"Kwingine ulikosea," mkewe akasema, akaanza kucheka. Yeye alichelewa kidogo, ila akacheka.