Kibali cha Choo cha Bibi

Shangazi yangu hukasirika kwa mikono. Wengine hupandisha sauti kwanza, yeye hukamua kwanza. Siku mkaguzi wa manispaa alipochora alama nyekundu kwenye ukuta wetu, shangazi alikuwa ameshika shuka la nyumba ya wageni, na alilikamua mpaka likapasuka katikati. Shuka lenyewe alililipa.

Kazi yake ni dobi. Anafulia nyumba tatu za wageni, pale uani kwetu, kwenye karo la saruji alilolijenga baba yake. Mtaani wanamwita Pasi. Ukiwauliza watakwambia ni kwa sababu ya kazi, lakini kila mtu anajua ni kwa sababu anapata moto haraka na ukimgusa vibaya unaungua. Tajiri mmoja wa nyumba ya wageni aliwahi kumwambia mashuka yake yananukia sabuni ya bei rahisi. Shangazi alimrudishia mashuka arobaini yakiwa bado na maji, akayamwaga pale mapokezi, akasema, "Haya, yanuse vizuri." Baada ya wiki tajiri alimfuata mwenyewe kwa miguu.

Kilichoanzisha yote ni choo. Choo chetu kiko mwisho wa ua, hatua ishirini na sita kutoka mlango wa nyuma. Nazijua kwa sababu mimi ndiye ninayetembea na bibi. Bibi ni mama yake shangazi, na mwaka juzi alipooza upande wa kushoto. Hapo ndipo nilipoachia shule, darasa la tano, maana lazima mtu abaki naye na lazima shangazi afue. Wakati wa mvua bibi aliteleza, tukaanguka wote wawili kwenye matope, na mkono wake ule mzima, wa kulia, ukavunjika. Tangu siku ile bibi akaacha kunywa maji. Ukimpa anasema hana kiu. Chai anaonja, uji anaacha. Midomo ikampasuka. Nilikuwa namwangalia akilitazama jagi kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Alikuwa hataki kunywa ili asije akahitaji kwenda uani.

Daktari alisema akiendelea hivyo figo zitakufa. Kesho yake shangazi alimwita mwashi, wakapima nyuma ya chumba cha bibi mita mbili kwa mita mbili na nusu, akamwambia, "Jenga hapa choo. Na ujenge haraka."

Ukuta ulipofika kiunoni, mkaguzi akaja na kopo lake la rangi.

"Kibali kiko wapi?" aliuliza.

"Kibali cha nini? Hiki ni choo cha mgonjwa."

"Choo nacho ni jengo, mama. Una siku kumi na nne. Ukileta kibali, sawa. Usipoleta, tunakuja na nyundo."

Mbele ya ofisi za manispaa kuna kibanda cha mchoraji wa ramani. Watu wanamwita Injinia, na yeye anaitika, ingawa sijawahi kuona cheti ukutani, na mimi huwa naangalia kuta. Shangazi alimweleza choo. Yule bwana akacheka kidogo.

"Sasa mama yangu, choo peke yake nitakichoraje? Ni kama kumpiga mtu picha ya pua ukauacha uso. Nyumba hii nani aliijenga?"

"Marehemu baba."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake."

"Basi hii ni nyumba ya heshima. Tuichore yote, wakubwa waione."

Shangazi ni mtu asiyenunulika kwa maneno, lakini siku ile alinunulika. Hakuna aliyewahi kuiita nyumba ile ya heshima. Watu huiita ile nyumba yenye kamba za nguo. Injinia alimvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa avikwe vizuri. Alitoa laki moja na ishirini. Zilikuwa hela za mlango. Alikuwa ametenga za saruji, za bomba, za sinki na za mlango, kila moja kwenye kikopo chake, na kikopo cha mlango ndicho kilichokwenda.

Mchoro ulikuwa mzuri kweli. Nyumba yote ilikuwepo, na choo kwa nyuma. Kulikuwa na miti miwili ambayo hatuna, na gari.

"Gari la nani hilo?" bibi aliuliza kitandani.

"Ni mapambo tu, mama," shangazi alisema.

"Aa. Nilidhani ndilo atakalonunua kwa hela zenu."

Tulipanda na mchoro ule hadi chumba cha vibali, ghorofa ya pili. Kuna benchi moja, dirisha moja la karani, na mlango unaofungukia ndani, ambao wameuegemezea tofali usijifunge. Benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo mimi nilikaa chini, kwenye pembe ile ya mlango. Nimezoea kukaa pasipo na mtu.

Karani alifungua mchoro, akabonyeza kikokotoo. Feni alikuwa ameielekeza kwake peke yake.

"Jengo jipya, mita za mraba themanini na tano, kila mita elfu nne. Laki tatu na elfu arobaini. Na nauli ya mkaguzi hamsini."

"Ya choo?" shangazi aliuliza.

"Mimi nasoma karatasi. Karatasi inasema jengo jipya, mita themanini na tano."

"Nyumba ina miaka thelathini na mbili! Kipya ni choo!"

"Karatasi haina miaka, mama. Anayefuata!"

Njiani kurudi shangazi alihesabu kwa vidole mpaka tulipokaribia nyumbani. Shuka moja analipwa mia tatu. "Mashuka elfu moja mia moja na thelathini na tatu," alisema. "Bado nauli. Mkaguzi anakaa mtaa wa pili, nauli ya nini? Anapanda ndege?"

Alirudi kesho yake akapiga kelele. Karani alifunga dirisha. "Mama akipoa atarudi," alisema nyuma ya kioo, na kila aliyekuwa kwenye foleni akamlaumu shangazi kwa kuwachelewesha. Alirudi siku iliyofuata, ikawa vilevile. Jirani yetu muuza mkaa alimshauri atoe kitu kidogo yaishe.

"Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, Pasi. Wewe unapiga kelele, wenzako wanasubiri siku ziishe."

"Wasubiri. Kitu kidogo sina, na kikubwa sina."

Mimi ndiye niliyekuwa naziona siku zikiisha. Bibi alikuwa amefikia nusu kikombe kwa siku. Alianza kusinzia mchana, na nikimwamsha ananiita kwa jina la mama yangu.

Siku ya kumi tulirudi tena. Mimi nilikaa pembeni kwangu, kando ya mlango. Shangazi alikuwa dirishani anaanza kupandisha sauti. Nikiwa sina la kufanya nilichungulia kwenye upenyo kati ya mlango na ukuta, nikaona fremu ya mbao. Ndani ya fremu kulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo maandishi. Nikaingiza kichwa. Buibui alikuwa ametanda utando kona zote mbili za juu.

Mimi nasoma polepole, kwa hiyo kila mstari niliusoma mara mbili, nisije nikajidanganya. Kisha nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilikwenda nikamvuta shangazi nguo mbele za watu.

"We mtoto, una nini?"

"Njoo uone."

"Nione nini? Huoni naongea na huyu bwana?"

"Shangazi. Bei zimeandikwa."

Nilisogeza tofali kwa mguu. Shangazi akausukuma mlango ukajifunga, na bango likawa wazi mbele ya watu wote. Lilikuwa kubwa kama meza. Nadhani lilikaa pale muda mrefu bila kuonwa na mtu, maana kila asubuhi kazi ya kwanza ya mtu mle ndani ni kufungua mlango na kuweka tofali.

Shangazi hasomi vizuri. Aliegemeza mgongo kwenye mlango, akanivuta karibu. "Soma."

Nilisoma kwa sauti yangu, ambayo ni ndogo, na yeye akairudia kwa yake.

"Kuongeza chumba kwenye nyumba iliyopo," nilisema.

"Kuongeza chumba kwenye nyumba iliyopo!"

"Elfu mbili kwa mita ya mraba, kwa sehemu inayoongezwa tu."

"Inayoongezwa tu! Mmesikia? Tu!"

"Nyongeza iliyo chini ya mita kumi haihitaji ramani ya mtaalamu. Mchoro wa mkono unatosha."

Hapo shangazi hakurudia. Alinitazama. "Soma tena."

Nikasoma tena. Akarudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi.

"Endelea, binti!" alipaza sauti mtu mmoja kwenye benchi, fundi wa vigae, nguo zake nyeupe kwa vumbi. "Vigae wamesemaje?"

"Kubadilisha vigae, rangi, mabati au madirisha bila kugusa kuta hakuhitaji kibali."

"Hakuhitaji?" Fundi alisimama. "Mwezi uliopita nimelipa sabini elfu kwa bafu la mteja! Wewe karani, sabini elfu yangu ulikula na nini?"

"Bango hilo ni la zamani," karani alisema.

Niliangalia chini ya bango. Nikamnong'oneza shangazi.

"La mwaka huu!" shangazi akasema. "Lina mhuri na tarehe. Na ukaguzi umo ndani ya ada, hakuna nauli. Sasa niambie, karani mwanangu, ile hamsini ni ya kunipeleka mimi wapi?"

Watu walikuwa wamesimama wote. Mara mlango ukagongwa kutoka nje. Ulikuwa umeshikiliwa na mgongo wa mtu anayekamua mashuka mia kwa siku, na haukusogea.

"Fungueni! Mimi ni mkuu wa idara!"

"Subiri kidogo, baba," shangazi alisema. "Tunasoma."

Tulisoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha akasogea, mkuu akaingia na kikombe chake cha chai mkononi. Aliangalia bango, akamwangalia karani, akawaangalia watu. Hakuuliza kitu. Mtu asiyeuliza ni mtu anayejua. Alisema tu, "Mpe mama fomu ya nyongeza."

Niliazima rula ya karani, nikachora choo nyuma ya fomu. Mistari minne, mlango, na mshale wa kuonyesha chumba cha bibi. Sikuweka mti. Mita tano, elfu kumi. Fomu, elfu tano. Karani alipiga mhuri kama anaua mende. Fundi wa vigae tulimwacha amening'inia dirishani anadai risiti.

Nilidhani shangazi atafurahi. Tulipofika kwenye ngazi alikaa, akautoa ule mchoro wa Injinia kwenye mfuko, akaukunjua magotini. Nyumba yote, miti, gari.

"Laki na ishirini," alisema. "Mtoto wa darasa la tano kachora kwa rula ya kuazima. Nyumba ya heshima! Nililipia sifa. Mjinga ni mimi."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko karani, kuliko kopo la rangi. Walimfanyia hivyo wao, halafu neno hilo likatoka kinywani mwake. Nilitaka kumwambia kwamba mwenye kuficha bei nyuma ya mlango ndiye anayejua kwa nini anaificha, na Injinia aliye mita thelathini kutoka kwenye bango lile hawezi kuwa hajui. Lakini maneno kwangu hutoka yakiwa yamechelewa. Nilikaa tu pembeni yake. Aliukamua mchoro ule kwa mikono miwili mpaka ukawa kamba.

Mwashi alimaliza kwa siku sita. Mkaguzi alikuja, akapima, akatia saini, na alipoinua uso na kumwangalia shangazi kama mtu anayengoja kitu, shangazi alimletea glasi ya maji, akasimama mbele yake mpaka akaimaliza. Choo kina bomba, kina sinki, kina kishikio ukutani. Mlango hakina. Tumeweka pazia. Siku ya kwanza tulimwingiza bibi, tukabaki tumesimama nje ya pazia kama walinzi.

"Ondokeni hapo!" alituambia. "Mnasikiliza nini, taarifa ya habari?"

Sasa anakunywa vikombe vitano, na ananiita kwa jina langu. Ila hapendi pazia. Upepo ukivuma analishika kwa mkono ule uliovunjika, na kila shangazi akimwona anashika, anakwenda kwenye karo lake na kufua kwa kishindo.

Kwa hiyo kila Jumatatu akitoka kupeleka mashuka anapita kibandani kwa Injinia.

"Nimefuata mlango wangu," anasema.

"Mama, mchoro si ulichukua? Biashara tulimaliza."

"Wewe ulimaliza."

Hapigi kelele siku hizi. Anasimama pale pale mbele ya kibanda, na kila mteja akija anamsalimia vizuri na kumuuliza anataka kujenga nini. Kama ni jikoni, kama ni choo, kama ni kibaraza, anamwambia apande ghorofa ya pili, afunge mlango, asome. Wateja wawili watatu wamegeuka hivyo hivyo. Jumatatu iliyopita Injinia alimpa elfu thelathini, akamwomba aondoke. Shangazi alizipokea, akasema bado tisini, kisha akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa amefika na karatasi yake.

"Shikamoo, baba. Hicho chumba chako kina mita ngapi?"