Hewa safi ya alfajiri

Jumamosi asubuhi, kwenye duka moja hapa Nachingwea, aliingia mtumishi wa serikali aliyehamia kwetu karibuni. Kavaa nguo za mazoezi, nyusi zimekuwa njano kwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho.

“Mama, naomba maji. Nilikimbilia kule mashambani, nafuata hewa safi. Alfajiri upepo umetulia kabisa.”

“Upepo ukitulia ndiyo tunapuliza dawa, baba.”

“Sasa nikimbie saa ngapi?”

“Jioni. Au njoo ubebe bomba la kupulizia, jasho ni lile lile.”

Tuliokuwa dukani tukacheka. Wenyeji tunaisifia hewa yetu kwa kila mgeni, tunasahau kumwambia kwamba msimu huu nayo iko kazini. Mgeni akakohoa. Mama muuza duka naye akakohoa, na yeye hakuwa amekimbia popote.