Meza Isiyo na Nzi

Mama alipopata simu ya kioo, sisi nyumbani tulidhani tutapumzika. Tulisema sasa atakuwa na kitu cha kutazama alasiri, atasikiliza kwaya zake, atatuacha tuishi. Kumbe tulikuwa tumeingiza mwalimu mkali ndani ya nyumba. Mama, ambaye ameuza samaki sokoni tangu mimi sijajua kusoma, aligundua video za wataalamu wa lishe, na kila mtaalamu alikuwa na adui wake. Leo adui ni mafuta, kesho ni chumvi, keshokutwa ni sukari, na sisi wengine tulikuwa tukisubiri kuambiwa ni nani anayefuata.

Aliyeumia zaidi ni baba. Baba ni mstaafu wa mgodini, na nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, hapa Kolwezi, ni mojawapo ya zile nyumba za kampuni zilizojipanga mistari, unatoka asubuhi na kumwona jirani akipiga mswaki kama wewe. Kwake yeye chakula ni bukari, yaani ugali, na bukari ni nyeupe. Sasa mtaalamu mmoja alimwambia mama kwamba ukichekecha unga unatupa faida yote na kubaki na ujinga. Mama akaacha kuchekecha. Bukari ikaja mezani ina rangi ya mchanga, na baba akaitazama muda mrefu kabla ya kunawa.

"Huyu mutu wa mu telefone," akauliza taratibu, "kwake banamupikia nini?"

Mama alijibu kwamba mtaalamu hakusema. Wakabishana mpaka mboga ikapoa. Mwishowe wakapatana kwamba Jumapili bukari itakuwa nyeupe kwa heshima ya Bwana, na siku nyingine itakuwa na faida. Baba akawa anaisubiri Jumapili kuliko mchungaji mwenyewe.

Ugomvi wa pili wa nyumbani ulikuwa wa mtandao. Baba ana laini moja, na anaapa kwamba ndiyo bora katika mkoa mzima wa Lualaba, ingawa inashika nyuma ya choo tu. Mimi nina laini nyingine inayoshika dirishani, nikisimama juu ya kigoda. Mama anazo zote mbili na hazipendi zote mbili. Yeye anaamini kabisa kwamba wenye mtandao wana mtu maalumu, kazi yake ni kusikiliza, na mtaalamu akifika kwenye neno lenyewe, huyo mtu anakata. Nimemweleza mara nyingi kwamba mega zake, yaani bando, ndizo zimekwisha. Ananitazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto anayeamini kila anachoambiwa.

Basi ikaja video ya nzi. Mtaalamu safari hii alikuwa mwanamke, amevaa koti jeupe, na alionyesha miguu ya nzi ikiwa imekuzwa mpaka inajaa kioo. Alieleza nzi ametoka wapi kabla ya kutua kwenye chakula chako. Mama aliitazama yote, na kwa bahati mbaya siku hiyo mtandao haukukata. Kesho yake alfajiri aliniamsha na kuniambia nimshonee pazia la meza. Mimi ni mshonaji, kazi zangu ni mapazia na sare za kanisani, kwa hiyo sikuona shida. Nilichukua kitambaa cheupe chepesi, kile kinachoonyesha kilichomo ndani, nikakizungushia kamba ya mpira chini ili kibane. Nikamaliza kwa lesi. Sifichi, nilijivunia ile kazi.

Mama aliongeza yake. Kila asubuhi alisugua meza kwa limau na chumvi. Juu yake akatundika mfuko wa plastiki uliojaa maji safi, kwa kuwa watu husema nzi akiuona anachanganyikiwa na kukimbia. Sijui kama ni kweli, ila ukijumlisha pazia, limau na maji, nzi wa soko zima walimwacha. Majirani zake walikuwa wanapunga matawi toka asubuhi hadi mchana, mikono inauma, na samaki wao wamevaa nyeusi. Mama alikaa amekunja mikono kama mke wa gavana. Samaki wa ziwa la Nzilo wakang'aa chini ya lesi yangu, na wapita njia wakasimama kutazama.

Furaha hiyo haikukaa. Katikati ya msimu wa baridi, ujumbe wa sauti ulianza kuzunguka kwenye simu. Mwanaume mwenye sauti ya mafua, asiyejitaja jina wala kazi, alikuwa anaonya akina mama wote wa Kongo. Alisema kuna wauzaji wanaowatia samaki dawa ya kuhifadhia maiti ili wasioze. Akasema dalili yake ni rahisi: nzi ana akili, hatui juu ya sumu. Ukiona samaki asiye na nzi, kimbia.

Hakumtaja mtu. Hakulitaja soko letu, na sidhani hata aliwahi kufika Kolwezi. Lakini watu wakainua macho kutoka kwenye simu zao, wakatazama huku na huku, na meza isiyo na nzi ilikuwa moja tu.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kushona. Nilitaka kumjibu yule mwanaume wa mafua, ila utamjibia wapi? Kilichonichoma zaidi ni aliyeutuma ujumbe kwenye kundi la kwaya ya mama. Alikuwa kiongozi wa kwaya mwenyewe, ambaye mama humwita yaya, dada mkubwa. Wazazi wao walitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, wao wakakua wote, wakaolewa mwaka mmoja, wakazikiana ndugu. Samaki wa Jumapili wa yaya hutoka kwa mama, na hakuna aliyekumbuka yaya akinunua kwa mwingine. Ujumbe ulikuja na picha ya mikono iliyounganishwa kwa sala, na maneno: tujilinde, wapendwa.

Mama alisema yaya ametuma tu kama watu wanavyotuma, bila kufikiri. Alisema hivyo huku akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Jumamosi ikafika. Siku hiyo huwa namsaidia mama, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Yaya alikuja na kikapu chake, akatusalimu vizuri, akauliza habari ya goti la baba. Halafu akapita. Akainama kwenye meza ya tatu, ambako ilibidi muuzaji afukuze nzi kwanza ndipo samaki waonekane, akachagua wawili. Nyuma yake wanakwaya wengine wakafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, wote wakitusalimu kwa adabu sana. Afadhali wangetutukana. Jioni tulirudi nyumbani na beseni zito, na mama alisema neno moja tu njiani. Alisema yaya amekonda.

Hapo baba akaitisha kikao. Yeye aliona dawa ni rahisi: tutoe pazia, tuweke matumbo ya samaki kwenye kona ya meza, nzi watarudi wenyewe na wateja watawafuata. Mama akauliza kama anataka aalike wageni ambao ameona wametoka chooni. Baba akasema ndiyo, kama wageni hao ndio wanaoleta wateja. Mama akasema watu wakila samaki wake na kuumwa tumbo, atamwambia nini Mungu, kwamba alifuata ujumbe wa sauti? Mimi nilikuwa upande wa mama, lakini niliona pia kwamba baba hakusema upuuzi. Huko sokoni usafi wetu ndio uliotuchafua.

Nikaleta wazo langu: tujibu sauti kwa sauti. Mama arekodi ujumbe wake kwenye kundi, aeleze limau, chumvi, pazia. Alikubali. Alifunga kilemba upya, ingawa nilimwambia haonekani, akaanza kwa Bwana asifiwe. Akasalimia mchungaji, akasalimia wagonjwa, akawashukuru waliochangia msiba wa juzi, na alipofika kwa samaki nilikuwa nimeshachoka kushika simu. Ujumbe ulikataa kutoka. Tukaupeleka dirishani kwenye kigoda, ukakataa. Tukaupeleka nyuma ya choo, baba akitangulia kama mwenye mji, na huko ukatoka.

Tulikaa kungoja majibu. Yalikuja mengi, haraka. Wa kwanza akaandika Amina. Wa pili akaandika Amina. Soprano wote wakaandika Amina, na besi mmoja akaongeza kwamba ameguswa. Ilikuwa dhahiri hakuna aliyesikiliza zaidi ya salamu. Yaya hakuandika chochote. Baba alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikamfuata, hata mama akacheka kidogo, lakini kila baada ya muda alikuwa akiigeuza simu kuitazama.

Nilimwambia aende kwa yaya nyumbani, wamalize. Alikataa. "Mi sikumukosea," akasema. "Akitaka kuniuliza, anayua kwenye niko."

Jumamosi iliyofuata baridi ilikuwa kali, moshi wa mkaa umetanda, na wenye pikipiki wanaongojea abiria wamejifunika mpaka puani. Tulipanga samaki wachache. Mama alikuwa ameanza kununua wachache, na hilo liliniuma kuliko maneno yote. Nilikuwa nabana kamba ya pazia nilipoona kikapu kimewekwa chini mbele yetu. Nikainua kichwa. Alikuwa yaya.

Hakuuliza goti la baba. Alitazama pazia, akatazama ule mfuko wa maji, halafu akamtazama mama usoni.

"Ondoa hii rido," akasema. "Tuone kama nzi atakuya."

Mdomo wangu ulishafunguka. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, na mama si mwepesi. Akalitoa pazia, akalikunja polepole, lesi juu. Akautungua mfuko wa maji. Kisha akavuta kigoda changu, kile nilichokuwa nimekikalia, akampa yaya.

"Ikala," akasema.

Yaya akakaa. Wanawake wawili wazima, wajukuu wanawangoja nyumbani, wakakaa bega kwa bega kumngoja nzi.

Nzi hakuja. Kwa ile baridi, hata meza za wenzetu zilikuwa na wachache, na hao walikuwa wanatembea kama wagonjwa. Meza yetu ilinuka limau. Mwanzo wote wawili walikaza macho kwa samaki, mpaka watu wakaanza kupunguza mwendo kuona kuna nini. Baadaye yaya akakohoa, mama akauliza kifua hicho kimeanza lini. Yaya akasema toka wiki ile. Mama akasema ndiyo maana amekonda. Yaya akasema hapana, amekonda kwa mawazo, kijana wake amekwenda kuchimba madini huko Kisenge na simu haishiki. Mama akataka kujua kijana ana laini gani. Hapo wakaingia kwenye mtandao, kutoka mtandao wakaingia kwenye sare mpya za kwaya, kutoka sare wakaingia kwa soprano mmoja ambaye sitamwanika hapa, na yaya akapigapiga paja la mama kama alivyozoea. Mimi nilisimama tu nyuma yao, mguu unauma, sina hata pa kukaa.

Jua lilipofika mezani, akaja. Mmoja tu, mkubwa, mwenye mgongo wa kijani. Alizunguka kikapu, akatua kwenye goti la yaya, akaruka, akazunguka tena. Wote wawili wakamwacha soprano wao, wakamfuata nzi kwa macho. Nilijikuta namwombea. Akashuka, akatua mkiani mwa samaki mkubwa kuliko wote, akaanza kusugua miguu yake ya mbele.

Ushahidi wenyewe ulikuwa pale, umekaa. Na mama akampiga.

Sidhani alifikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, pa, kama ulivyokwenda miaka yote mezani kwetu tulipokuwa wadogo, na nzi akaponyoka kuelekea meza ya tatu. Mama akabaki ameinua kiganja, anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mimi nikasema mama, mama.

Yaya alimtazama. Kisha bega lake likaanza kutikisika. Alicheka kicheko cha kanisa, kile cha kujizuia, kikamshinda, akaegemea begani kwa mama na kilemba chake kikalegea, na mama naye akavunjika, wakacheka mpaka wenye pikipiki wakaja kuuliza. Muuzaji wa meza ya tatu akacheka bila kujua sababu.

Yaya akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasogeza kikapu.

"Nifungiye bile bibili bikubwa," akasema, akionyesha vidole viwili. "Na ule mwenye nzi alikalia, njo wa kwanza."

Mama akachukua kisu, akaanza kupara magamba. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kulikunjua pazia. Ndipo akauliza, macho yakiwa kwa samaki, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimemsikia nayo majuma yote yale.

"Yaya. Na kama nzi hangekuya?"

Yaya alikuwa anafunga kilemba chake upya, na hakuharakisha. Alikifunga mpaka mwisho.

"Ningengoya," akasema.

Mama akainama zaidi, akaendelea kumpara yule samaki, ingawa magamba yalikuwa yamekwisha.