Mwasmini wa Nyuma ya Jiko

Najifanya fundi wa bustani, na kujifanya huko kumeniponza. Juzi mama mkwe alipokwenda mazikoni Pongwe, nilitaka kumfurahisha. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mwasmini umejibanza peke yake. Nikaung'oa na udongo wake, nikauhamishia mbele ya baraza ili wageni wapate harufu. Mawe mawili yaliyokuwa kando yake niliyasukuma kwa mguu.

Aliporudi nikampa shikamoo, nikamwonyesha kazi yangu, nikisubiri sifa kama mtoto wa chekechea. Hakuutazama mti. Alizunguka nyuma, akachuchumaa penye shimo.

"Mwanangu, mawe umeyaweka wapi?"

Nikacheka. "Mama, mawe nayo ni ya kutafuta?"

"Ni ya kaburi," alisema taratibu. "Hapa amelala kaka yake mumeo. Alizaliwa, hakulia."